Mshale Uliocheza Mara Nane

Kijana mmoja wa gereji ya jirani, fundi mwenye mikono myepesi na haraka nyingi, aliniuliza swali juzi. Alikuwa amechomeka kidude chini ya usukani wa Toyota Raum, na simu yake ikamwandikia P0135. Akanigeukia.

"Shikamoo mzee. Hivi zamani, kabla ya hizi mashine, mlikuwa mnajuaje kwamba sensa ya oksijeni imekufa? Au mlikuwa mnabahatisha tu?"

Hakuuliza kwa dharau, na ndiyo maana swali liliniuma. Nikamwambia tulikuwa tunapima. "Sawa, mzee," akaitikia kwa adabu, kisha akainama kuifungua sensa ambayo yeye mwenyewe hakuipima. Namba ile inazungumzia hita iliyo ndani ya sensa na njia yake ya umeme. Huenda hita imekatika kweli. Huenda pia fyuzi imeungua, panya wamekula waya, au soketi imeingia maji ya mvua. Hita nzima ikiwa ya baridi huonyesha omu chache, aghalabu chini ya 20; iliyokatika haionyeshi chochote. Ni kazi ya dakika mbili kwa mita ya bei rahisi kuliko zote Kariakoo. Lakini mteja alikuwa ameshatuma pesa ya sensa mpya, na bodaboda alikuwa njiani anaileta.

Jibu nililotaka kumpa lilikuwa refu, naye hakuwa na nafasi. Wewe msomaji pengine unayo.

Niliingia gereji Gerezani nikiwa na cheti cha gredi ya tatu kutoka Chang'ombe, enzi ambazo gari la Dar es Salaam lilisomwa kwa macho, masikio na pua. Peugeot 504, Land Rover 109, Datsun za kubebea magunia ya mkaa, zote zilikuwa za kabureta. Fundi wetu mkuu, mtu wa Masasi asiyependa maneno, alifungua plagi akaigeuzageuza juani. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe iliyopauka, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia iliyofifia aliirudisha bila kusema kitu, na mwenye gari akajua hadaiwi. Baada ya hapo alikwenda nyuma, akakinga kiganja kwenye ekzosi, akanusa. Moshi ukimwasha macho alirudi kwenye kabureta na bisibisi, robo mzunguko tu, halafu akaenda kunusa tena. Sikumbuki kumwona akibadilisha kifaa ambacho hakukitilia shaka kwanza kwa sababu anayoweza kuitaja.

Ruksa ya kuagiza mali kutoka nje ilipokuja, na meli zikaanza kushusha magari yaliyokwishatumika Japani, ile pua ikapata mpinzani. Corolla ya kwanza ya EFI, isiyo na kabureta, kuletwa kwetu haikuwa na skrubu ya kugeuza. Kwenye bomba la ekzosi, karibu kabisa na injini, palikuwa na kitu kilichofanana na plagi, chenye waya unaoingia ndani ya gari na kupotelea nyuma ya dashibodi. Nimejaribu kuutafuta mwaka wa Corolla hiyo. Mimi nasema 1991. Mke wangu anasema hapana, ni baada ya mtoto wetu wa kwanza, basi itakuwa 1993. Kadi ya gari haipo, na mwenye gari alihamia Mwanza zamani. Tuseme ni ile miaka ya mwanzo ya tisini, tuendelee.

Gari lilikuwa linakunywa petroli vibaya, na plagi zake nne zote nyeusi. Fundi mkuu alilizunguka, akalinusa, akakichomoa kile kitu kwenye ekzosi kwa spana namba 22, akanipa mkononi kikiwa bado cha moto. "Peleka kwa mzee," akasema. "Usinunue. Muulize."

Mzee ndiye mwenye duka la spea lililokuwa mtaa wa nyuma, upande wa reli. Lilikuwa duka jembamba lenye mlango mmoja. Ukiingia mchana ulilazimika kusimama kidogo ili macho yazoee giza, na ukiwa umesimama hapo harufu zilikufikia kwa zamu. Kwanza udi, maana mzee aliufukiza kila asubuhi kabla hajafungua dirisha la kuuzia. Halafu grisi ya Japani iliyokauka kwenye vyuma vya mtumba, harufu tamu kidogo, tofauti kabisa na grisi yetu. Halafu kahawa yenye tangawizi. Na chini ya yote hayo, harufu ya magazeti ya Kijapani. Vyuma vilifika vimezongwa magazeti hayo na mzee hakulitupa hata moja. Aliyanyoosha kwa kiganja, akayapanga, akawafungia wateja wake bidhaa. Nyumbani kwetu kabati lote la vyombo lilitandikwa magazeti ya Kijapani, na mama yangu alikuwa na maoni yake kuhusu mitindo ya nywele ya wanawake wa kwenye matangazo.

Mzee alikuwa mtu wa Pemba, mwembamba, kofia ya viua, miwani yenye mkono uliofungwa uzi. Dubai alikwenda mwenyewe kuchagua mali. Alikuwa na daftari kubwa aliloliandika kwa herufi za Kiarabu, lakini lugha ni Kiswahili hiki hiki, na kila sensa iliyokuwa kwenye kreti lake ilibandikwa kipande cha plasta chenye maandishi yale yale: imetoka gari gani, ina waya ngapi, imepimwa lini. Neno hilo la mwisho ndilo lililowachekesha wenye maduka wengine. Chuma cha mtumba unakipimaje? Mteja kaja na pesa, mpe, aende zake. Mzee hakuwajibu. Aliuza kidogo kuliko wao na hakuwa na foleni ya watu wanaorudisha.

Niliweka ile sensa ya Corolla juu ya meza. Hakuigusa kwanza. Aliitazama ncha yake kwa tochi, akainusa. Halafu akaibana kwenye jiliwa, akavuta mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha kuchomelea, akaunganisha waya mmoja wa mita na waya wa sensa na mwingine na mwili wake wa chuma. Ilikuwa mita ya tarakimu, ya kwanza kuiona maishani mwangu. Akawasha moto, akauelekeza kwenye ncha mpaka ikaanza kuwa nyekundu.

"Usitazame moto, mwanangu. Tazama mita."

Namba zikaanza kupanda. Ncha ikiwa katikati ya mwali, oksijeni haipo, na sensa nzima hupanda mpaka 0.8 au 0.9 ya volti. Ukiuondoa moto ghafla, hewa inaizunguka, na namba inapaswa kuanguka papo hapo, chini ya 0.2. Ile yetu ilipanda kwa uvivu, ikagota kwenye 0.5, na mzee alipouondoa moto ikashuka kwa uvivu ule ule. Akachukua nyingine kutoka kwenye kreti, akaifanyia vile vile mbele yangu. Ikaruka juu, ikaanguka, ikaruka tena kadiri alivyocheza na moto. Hata mtoto angeona tofauti.

"Hii yenu haijafa," akasema. "Imezeeka. Imekula risasi ya petroli ya mji huu."

Hapo akanipa kiti, akanimiminia kahawa na kunieleza kazi ya kitu kile, na mpaka leo sijasikia maelezo bora. Ndani ya ncha kuna kikombe kidogo cha zirkonia kilichopakwa platinamu nje na ndani. Nje kinapitiwa na moshi wa injini, ndani kinavuta hewa tunayoivuta sisi. Kikifika joto la nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazaa umeme. Moshi usio na oksijeni, maana yake petroli imezidi, unatoa karibu volti nzima. Moshi wenye oksijeni nyingi hautoi karibu kitu. Katikati kuna mstari, 0.45 hivi, pale ambapo kilo moja ya petroli imepata kilo 14.7 za hewa, na kompyuta ya gari kazi yake ni kuongeza na kupunguza petroli, kuongeza na kupunguza, ili sensa iuvuke mstari huo kwenda na kurudi bila kukoma. Sensa iliyotulia ndiyo ya kutiliwa shaka. Bosch wa Ujerumani walianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1976, zikafungwa kwanza kwenye Volvo zilizokuwa zinauzwa Marekani. Hilo nililisoma baadaye sana. Mzee yeye hakujali nani alizianzisha. Alijali watu wanavyozionea.

"Msije mkanambia sensa mbovu kwa kuwa gari lanywa mafuta," akasema. "Hii pua. Ukisikia jikoni kwanuka moto, wakata pua? Si waenda jikoni?"

Nilimsikia akilisema hilo kwa wateja wengi miaka iliyofuata, na wachache walimwelewa. Alikuwa na namna ya kuitazama ncha ya sensa na kukuambia habari za gari ambalo hajawahi kuliona. Masizi meusi makavu: injekta inavuja, au kichujio cha hewa kimeziba, rudi ukaangalie. Weusi wenye mafuta: ringi zimechoka, injini inakunywa oili. Akiona unga mweupe aliinusa, akauliza swali moja tu, "Tapeti kava mmeziba kwa silikoni gani?" Fundi akishangaa kajuaje, mzee alimwonyesha. Silikoni ya bei poa inanuka siki inapokauka. Mvuke wake unavutwa na injini, unapita kwenye moto, unaganda kwenye ncha ya sensa na kuifunika, na hakuna dawa ya kuusafisha. Gerezani nzima miaka ile ilinuka siki. Kila palipovuja, silikoni. Mpaka leo nikiingia gereji na kuisikia harufu hiyo najua kuna sensa itauzwa kabla ya mwezi kwisha.

Niliporudi na sensa iliyopimwa, imefungwa kwenye tangazo la redio ya Kijapani, fundi mkuu hakuifunga moja kwa moja. Alikuwa na kitabu cha Toyota cha kurudufu, kurasa zimefifia hadi nyingine hazisomeki, na alitaka kuona mwenyewe. Chini ya boneti la magari yale palikuwa na kisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna vitundu vyenye majina. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini inaanza kumulika. Mara mbili, inapumzika, mara moja: 21, upande wa sensa ya oksijeni. 25 maana yake hewa imezidi, 26 petroli imezidi. Tulizihesabu wote kwa sauti, na wauza karanga waliokuwa wanapita wakahesabu pamoja nasi.

Lakini taa ilikuwa mwanzo tu wa shauri. Kipimo chenyewe kilikuwa mshale. Unaiwasha injini, unaiacha ipate moto sawasawa, unaweka mita ya mshale kwenye kitundu cha VF1, mtu anakanyaga mafuta na kuishikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Kitabu kinasema kwa sekunde 10 mshale ucheze mara 8 au zaidi. Basi mimi nilishika saa, mwenzangu alikuwa kwenye pedeli, na fundi mkuu aliinama juu ya mita akihesabu kwa midomo bila sauti. Redio ilizimwa. Mteja aliyethubutu kuongea alinyamazishwa kwa mkono. Mshale ukicheza nane, tisa, kumi, aliinuka akasema, "Funga boneti." Ukicheza mara tatu, au ukikwama upande mmoja, hakusema sensa mbovu. Alichomoa mpira mmoja wa hewa nyuma ya manifodi ili injini ivute hewa ya wizi. Mshale ukilala upande wa sifuri, sensa imeiona hewa. Akaurudisha mpira, akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kwenye njia ya hewa. Mshale ukipanda, sensa imeiona petroli. Sensa iliyoyaona yote mawili, tena upesi, ni nzima, na kosa liko kwingine. Isiyoona lolote ndiyo tuliyoipeleka kwa mzee ikapimwe motoni. Kwa hiyo ilihukumiwa na watu wawili, mitaa miwili tofauti, kabla mteja hajatoa shilingi.

Kulikuwa na teksi moja, Corolla ya AE91, iliyotusumbua sana. Dereva wake alikuwa ameshauziwa sensa kwingine kwa sababu kompyuta ililalamika kwamba hewa imezidi. Hali haikubadilika. Fundi mkuu akafungua plagi akaikuta moja imelowa petroli chapachapa. Nikamuuliza, petroli ipo tele kwenye plagi, sensa inasemaje hewa imezidi? Akanitazama kwa muda, akasema neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Haisikii petroli. Inasikia oksijeni." Silinda ile haikuwa inachoma, waya wa plagi ulikuwa umekufa, hewa yake yote ilitoka na oksijeni yake nzima, ikapita mbele ya sensa, na sensa ikasema ilichokiona. Ufa kwenye manifodi ya ekzosi unaleta mkanganyo huo huo, kwa sababu kila moshi unapopwita unavuta hewa ya nje kupitia ufa. Kompyuta inaamini hewa imezidi, inaongeza petroli, gari linakunywa, fundi asiyejua anauza sensa. Waya wa plagi kwenye ile teksi uligharimu pesa ya chakula cha mchana.

Siwezi kusema kila mtu alifanya hivyo. Petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi, nayo inaifunika platinamu, kwa hiyo gari lililoshuka melini likiwa zima liliipoteza sensa yake baada ya muda si mrefu, na wamiliki walichoka. Mafundi wengi walikata waya na kuliacha gari litembee kwa kukisia. Injini za Toyota zilivumilia, zikinywa zaidi tu. Taa ya kwenye dashibodi ilichomolewa balbu, au ikabandikwa utepe mweusi. Nimeona magari ya watu wakubwa yenye utepe huo. Risasi iliondolewa kwenye petroli ya Afrika kusini mwa Sahara mwishoni mwa 2005, na kuanzia hapo sensa ingeweza kuishi miaka mingi. Wakati huo, bahati mbaya, tabia ya kukata waya ilikuwa imeshaota mizizi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kisanduku cha DIAGNOSIS kikahama kikawa soketi ya matundu 16 chini ya usukani. Kwenye magari kadhaa ya Japani bado ungeweza kuunganisha tundu la 4 na la 13 ukahesabu mimuliko, lakini nani alikuwa na subira? Zikaja mashine za Kichina kwenye masanduku ya plastiki, halafu vidude vya Bluetooth. Katikati yake ukapita ule msimu wa mafuta kuchakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambao kila gari lililogoma lilisingiziwa kituo cha mafuta, mara nyingine kwa haki. Fundi mkuu alirudi Masasi. Mzee alifariki, Mungu amrehemu, kabla mtaa wake haujapitiwa na ujenzi. Duka lilivunjwa. Warithi waliliuza lile kreti lote kwa kilo, kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na plasta zake na tarehe zake, platinamu ikiwemo ndani. Daftari sijui liliishia wapi.

Na hapa ndipo ninapokasirika, niseme wazi. Kile kidude cha kijana wa Raum ni bora kuliko mita yetu mara nyingi mno. Ndani ya programu ile ile iliyomwandikia P0135 kuna ukurasa unaochora mstari wa volti za sensa papo kwa papo, unapanda na kushuka mbele ya macho, pamoja na asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Ule mshale wetu umo mle, umekuwa mzuri zaidi, na hauhitaji mtu wa kushika saa. Hawaufungui. Wanasoma namba, wanaitafuta mtandaoni, wanaona neno sensa, wanaagiza. P0171 ikitokea, namba inayosema tu kwamba hewa imezidi, wanabadilisha sensa iliyotoa taarifa. Ile asilimia ingewaambia habari yote: ikiwa juu gari likiwa limesimama na ikashuka likikanyagwa mafuta, tafuta mpira wa hewa uliopasuka, ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, tazama pampu na kichujio cha petroli.

Wapo wanaopima, lakini wanapima kwa kumbukumbu za magari mengine. Toyota nyingi za karne hii hazina tena sensa ile ya kuruka kati ya 0.1 na 0.9 mbele ya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Zina sensa ya uwiano wa hewa na petroli, ambayo kompyuta huushikilia waya wake mmoja kwenye 3.3 za volti na mwingine chini yake kidogo, na habari yote imo kwenye mkondo mdogo wa umeme unaopita katikati. Fundi anaweka mita, anaona 3.3 haichezi, anatangaza msiba. Sensa nzima kabisa, bei yake ni kodi ya nyumba ya mtu, inatupwa kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake.

Hata kuunganisha waya kumekuwa balaa. Sensa za Denso zenye waya nne, waya mbili nyeusi ni za hita, buluu ni ya taarifa, nyeupe ni ya hasi. Za Bosch, nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni ya taarifa, kijivu hasi. Mtu akifuata rangi kwa rangi anaupeleka umeme wa betri kwenye waya wa taarifa, na mteja anaambiwa sensa aliyoinunua ilikuwa feki. Kisha kuna wanaochomelea viungio kwa risasi na kuvijaza grisi, wakati sensa nyingi zinavuta ile hewa yao ya ndani kupitia humo humo kwenye waya. Mzee aliwafukuza dukani watu wa namna hiyo.

Masega sitaki hata kuyazungumza. Yanatobolewa, yanauzwa, na sensa ya nyuma, ambayo kazi yake ni kutulia ikiwa masega ni mazima, inaanza kuruka sawa na ya mbele. Kompyuta inaandika P0420. Dawa ya mjini ni kuiwekea sensa hiyo kipande cha chuma kinachoisogeza nje ya njia ya moshi isione kitu. Halafu tunashangaa foleni ya Ubungo inavyowasha macho.

Ninakuomba basi, wewe mwenye gari. Ukiambiwa sensa ya oksijeni imekufa, muulize fundi wako ilisoma volti ngapi injini ikiwa ya moto, na ilisoma ngapi mpira wa hewa ulipochomolewa. Akiwa na namba hizo, mlipe bila kupunguza bei, maana amefanya kazi. Akikosa, chukua ufunguo wako. Na kama ameshaifungua, dai sensa yako ya zamani uondoke nayo, kwa sababu huenda wiki ijayo ukauziwa hiyo hiyo.